Themostati ya Kupanga Ratiba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuifunga na Kuiseti

Watu huanza kwa kuuliza habari za nyaya. Miezi miwili baadaye wanarudi kuuliza kwa nini bili haijashuka. Majibu ya yote mawili yako hapa. Nikisema "mfumo" nina maana ya kile kinachopasha au kupooza nyumba yako, iwe ni tanuru (linalopasha hewa ya nyumba), boila (inayopasha maji ya kupashia nyumba), kiyoyozi cha nyumba nzima au pampu ya joto.

Themostati inafanya nini hasa?

Ni swichi. Haitengenezi joto wala baridi. Inasoma joto la hewa inayoizunguka, inalinganisha na namba uliyoiwekea, kisha inaunga au inakata njia ya umeme. Warren Johnson, mwalimu wa Wisconsin, Marekani, alipopata hataza ya themostati ya umeme ya chumbani mwaka 1883, kazi ilikuwa hiyo hiyo. Kilichoongezwa kwenye hizi za kupanga ratiba ni saa: kifaa kinajua ni siku gani na saa ngapi, kwa hiyo kinaweza kubadili namba bila wewe kukigusa. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yaliyobaki yatajijibu.

Nitajuaje kama itaoana na mfumo wangu?

Usianze na duka, anza na ukuta. Zima umeme, vua kifuniko cha themostati iliyopo na utazame nyaya.

Ukikuta nyaya nyembamba za rangi mbalimbali, mbili hadi nane hivi, zimebanwa kwenye vituo vyenye herufi, huo mara nyingi ni mfumo wa volti 24 na themostati nyingi za kawaida zitafanya kazi. Ukikuta nyaya nene mbili au nne zimefungwa vifuniko vya plastiki vya kusokota, na kibandiko kinataja volti 120, 230 au 240, huo ni umeme kamili wa nyumba, kama ule wa hita za ukutani. Hapo unahitaji themostati iliyotengenezwa kwa umeme huo. Ukifunga ya volti 24 kwenye nyaya hizo utaiunguza, na unaweza kuunguza zaidi ya hiyo.

Boila nyingi za Ulaya zina utaratibu wao. Baadhi hupokea umeme wa volti 230 unaopitia themostati, baadhi zinataka mguso mtupu usio na umeme wowote, na baadhi huzungumza kwa lugha ya OpenTherm kupitia nyaya mbili. Zikiwa za OpenTherm, themostati haisemi tu "waka" au "zima", inaiambia boila ipashe maji kiasi gani. Soma kitabu cha boila kabla ya kununua chochote.

Viyoyozi vya kutundika ukutani vyenye rimoti viko kando kabisa. Vingi kati ya hivyo haviendeshwi na themostati ya volti 24, kwa sababu kipande cha ndani na cha nje vinawasiliana kwa ishara zao wenyewe. Kwa hivyo kuna vidhibiti maalumu, vingine huiga rimoti.

Naweza kuifunga mwenyewe?

Ya volti 24, ndiyo, kama una mkono mtulivu na subira ya kusoma herufi. Ni kazi ya saa moja hivi. Ya umeme kamili wa nyumba, mwite fundi umeme. Sioni aibu kusema hivyo. Mimi mwenyewe huita.

Nizime umeme wapi?

Kwenye breka ya mfumo, na pia kwenye swichi iliyo karibu na tanuru au boila kama ipo. Kuiweka themostati kwenye "OFF" hakuzimi umeme. Narudia kwa sababu nililipia somo hili.

Mara yangu ya kwanza nilibonyeza OFF, nikaamini nimemaliza. Nilipokuwa navuta nyaya, ncha ya ule mwekundu ikagusa wa bluu, kufumba na kufumbua, wala sikuona cheche. Nikafunga themostati mpya, skrini ikawaka vizuri kwa betri zake, nikaomba joto. Kimya. Nikarudisha ya zamani, kimya vilevile. Jioni nzima nililaumu kifaa kipya. Kesho yake nilifungua mlango wa tanuru na kukuta kwenye bodi, kile kibao cha saketi, kuna fyuzi ndogo, umbo lile lile la fyuzi za gari, ya ampea 3. Kauzi kake kalikuwa kamekatika. Fyuzi ile ilijitoa mhanga ili transfoma, inayoshusha umeme wa nyumba kuwa volti 24, isiungue. Weka mpya ya ampea zile zile, usiongeze hata moja.

Ukishazima, hakikisha kwa testa. Kama huna testa, jaribu kwanza kuwasha mfumo kupitia themostati ya zamani na uone kama unakataa. Si kipimo kamili, lakini ni afadhali kuliko kudhani.

Herufi R, W, Y, G na C zina maana gani?

R ndiyo inayoleta umeme kutoka kwenye transfoma. W inaomba joto, Y inaomba baridi kwa kuwasha kompresa, G inawasha feni. C ndiyo njia ya umeme kurudi kwenye transfoma, inayoiwezesha themostati kupata umeme muda wote. Kukiwa na W2 au Y2, mfumo wako una hatua ya pili ya kupasha au kupooza.

Themostati ikitaka kupasha, inaunga R na W. Ikitaka kupooza, inaunga R na Y, na kwa kawaida G pamoja nayo. Hakuna uchawi mwingine.

Kabla ya kulegeza skrubu hata moja, piga picha nyaya zikiwa mahali pake, karibu kiasi cha kusoma herufi. Kisha bandika kijikaratasi chenye herufi kwenye kila waya, na usokote fungu lote kwenye kalamu lisije likatumbukia ndani ya ukuta. Waya ukizama humo utaimba mchana kutwa.

Rangi za nyaya zangu haziendani na zile za kwenye kitabu. Je, kuna tatizo?

Pengine hakuna. Ni mazoea tu kwamba R huwa nyekundu, W nyeupe, Y njano, G kijani na C bluu au nyeusi. Aliyefunga kabla yako alitumia waya aliokuwa nao mkononi. Fuata herufi ya kituo ambako waya ulikuwa umebanwa, rangi iache. Kama herufi nazo zinatia shaka, fungua mlango wa tanuru (umeme ukiwa umezimwa) uone kila waya unaishia kwenye herufi gani ya bodi. Bodi ndiyo yenye neno la mwisho.

Themostati mpya ina Rc (R ya kupooza) na Rh (R ya kupasha), mimi nina R moja. Niuweke wapi?

Kama mfumo wako una transfoma moja, ambayo ndiyo hali ya kawaida, vituo hivyo viwili vinatakiwa viunganishwe. Themostati nyingi huja na kipande kidogo cha waya au kitufe cha kusogeza kwa kazi hiyo. Ukiwa na nyaya mbili za R kutoka transfoma mbili tofauti, kiondoe kiunganishi hicho.

Sina waya wa C. Nifanyeje?

Kwanza chungulia nyuma ya fungu. Mara nyingi kuna waya wa ziada uliokunjwa ukutani bila kazi; unachotakiwa ni kuuunga kwenye C ya bodi ya tanuru upande mmoja na C ya themostati upande wa pili. Bila shaka umeme uwe umezimwa.

Usipoupata, una njia tatu. Chagua themostati ya betri, ambayo haihitaji C. Au tumia kile kisanduku kidogo kinachouzwa na baadhi ya themostati, kinachofungwa ndani ya tanuru na kuwezesha nyaya zilizopo kubeba kazi mbili. Au weka transfoma ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, waya ukashuka ukutani. Haipendezi macho ila inafanya kazi.

Zipo themostati zinazodai hazihitaji C kwa kuwa zinachota umeme kidogo kupitia nyaya za kupashia au kupoozea. Kwenye mifumo mingine zinatulia, kwenye mingine betri ya ndani huisha taratibu, au tanuru linawaka na kuzima bila kuombwa. Kama unaweza kupata C, ipate.

Nina pampu ya joto. Kuna cha kuangalia zaidi?

Kipo, na ndicho kinachowachanganya wengi. Pampu ya joto ina vali inayogeuza mwelekeo, ili mashine moja ipashe wakati wa baridi na ipooze wakati wa joto. Vali hiyo inaendeshwa na waya wa O au B. Kwenye mifumo mingi vali hupata umeme wakati wa kupooza, hiyo ni O. Kwenye michache hupata wakati wa kupasha, hiyo ni B. Ukikosea chaguo hilo kwenye mipangilio, ukiomba joto utapuliziwa baridi. Si ubovu, badilisha chaguo kutoka O kwenda B au kinyume chake.

La pili ni ratiba yenyewe. Pampu nyingi zina hita ya ziada ya umeme inayosaidia pale pampu inapozidiwa, na hita hiyo inakula umeme sana kuliko pampu. Ukishusha nyuzi 5 usiku halafu ukataka zirudi zote kwa mpigo asubuhi, hita ya ziada inaingia na kula ulichookoa. Kwa hiyo shusha kidogo, nyuzi 1 au 2, au tumia themostati iliyotengenezwa kwa pampu za joto, inayoanza kupandisha mapema na taratibu.

Ifungwe sehemu gani ya nyumba?

Kama unabadilisha tu, nyaya zimeshakuamulia. Kama unachagua upya: ukuta wa ndani, kimo cha kama mita 1.5 kutoka sakafuni, chumba kinachotumika sana. Mbali na jua la dirishani, jiko, taa, televisheni, mlango wa nje na pale mfumo unapopuliza hewa. Nyumba yenye radieta zenye vali zinazojidhibiti, usiiweke themostati kwenye chumba ambacho vali yake inabana mapema. Chumba hakitafika namba inayotakiwa na boila haitapumzika.

Jambo dogo ambalo wengi hulipuuza ni lile tundu la nyaya. Hewa baridi hupita ndani ya ukuta ikatokea nyuma ya themostati, ikagusa kihisi. Themostati inadhani chumba kizima ni baridi, wewe umekaa kwenye kochi unatoka jasho. Ziba tundu kwa kipande cha sufi ya kuzuia joto au ute wa kuzibia, usiubane waya.

Kuipima kwa pimamaji? Kwa za kielektroniki ni kwa ajili ya macho tu. Zilizokuwa zinahitaji kunyooka kweli ni zile za zebaki.

Nimefunga, skrini imewaka. Nianze kuseti nini?

Wengi hukimbilia ratiba. Anza na mipangilio ya ufungaji, ile ambayo huwa imefichwa nyuma ya vitufe viwili vya kubonyezwa kwa pamoja. Humo unaitambulisha aina ya mfumo: tanuru la gesi, la umeme, boila au pampu. Ukiacha chaguo lisilo lako, feni inaweza isiwake, au mfumo ukawa unawaka na kuzima kila dakika chache.

Humo humo utakuta idadi ya mizunguko kwa saa. Thamani za kawaida ni 5 kwa tanuru la hewa, 3 kwa boila ya maji moto au tanuru lenye ufanisi mkubwa, na 1 kwa mvuke. Mfumo wa mvuke unachelewa kupata moto na kuchelewa kupoa, ukiuwasha mara tano kwa saa unautesa bure.

Kisha Selsiasi au Fahrenheit, tarehe, na saa. Hapa kwenye saa tuelewane: kifaa hakihesabu kama sisi. Saa 12 na nusu asubuhi kwake ni 6:30 AM. Ukiandika 12:30 kwa mazoea ya ulimi, nyumba itapashwa saa sita na nusu, mchana au usiku, na wewe ukiamka unatetemeka. Andika ratiba yako kwenye karatasi kwa saa za kifaa kabla ya kugusa vitufe.

Ratiba niipangeje?

Themostati nyingi zina vipindi vinne kwa siku: kuamka, kutoka, kurudi, kulala. Zipo zinazokupa ratiba moja ya siku tano za kazi na nyingine ya wikiendi, zipo zinazotenga Jumamosi na Jumapili, na zipo za siku saba kila moja na lake. Kwa mtu wa zamu zinazobadilika, hiyo ya siku saba ndiyo ya kununua.

Tuseme ni msimu wa baridi na familia inaamka saa 12 na nusu asubuhi. Kuamka: 6:00 AM, nyuzi 20, nusu saa kabla ya miguu kugusa sakafu. Kutoka: 8:00 AM, nyuzi 16. Kurudi: 5:00 PM, nyuzi 20. Kulala: 10:00 PM, nyuzi 17. Msimu wa joto geuza: unapotoka, namba ipande, unaporudi, ishuke.

Usiumize kichwa kutafuta ratiba kamili siku ya kwanza. Iache wiki moja. Kila mara mtu wa nyumbani anapoibonyeza, andika saa na namba aliyoweka. Mwisho wa wiki karatasi hiyo ndiyo ratiba yako halisi. Ile ya kwanza ilikuwa ya mtu unayedhani wewe ndiye.

Kama yako ina uwezo wa kuanza mapema yenyewe, elewa kwamba saa unayoiandika ni saa ya joto kuwa tayari, si ya mfumo kuwaka. Ukisikia tanuru linaunguruma saa 11 na nusu alfajiri, halijaharibika.

Si kweli kwamba kupasha nyumba iliyopoa kunakula zaidi kuliko kuiacha na joto lake?

Si kweli. Nyumba hupoteza joto kulingana na tofauti iliyopo kati ya ndani na nje. Kadiri ndani kunavyopoa, ndivyo joto linavyotoroka polepole. Nishati unayotumia kupandisha asubuhi ni ile ambayo hukuitumia nyumba ilipokuwa inashuka, na saa zote za katikati umekaa kwenye faida. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba ukishusha (au kupandisha msimu wa joto) nyuzi 7 hadi 10 za Fahrenheit, yaani kama 4 hadi 5.5 za Selsiasi, kwa saa 8 kila siku, unaweza kuokoa hadi asilimia 10 kwa mwaka kwenye gharama za kupasha na kupooza. Wenye pampu ya joto warejee jibu lao hapo juu.

Mpaka wa chini upo: kwenye baridi ya kugandisha usiiache nyumba chini ya nyuzi 13 hivi ukisafiri, mabomba yanaweza kuganda na kupasuka.

Nikiweka 28 si chumba kitapata joto haraka?

Hapana. Swichi haina kasi. Tanuru la kawaida la hatua moja linatoa joto lile lile ukiomba 21 au 28. Tofauti ni kwamba kwenye 28 litapita mahali ulipotaka lisimame.

Nimepanga ratiba vizuri lakini bili haijashuka. Kwa nini?

Tazama kama skrini imeandika HOLD, yaani "shikilia namba hii, achana na ratiba". Nakisia nusu ya malalamiko yanaishia hapo. Mtu aliona baridi jioni moja, akapandisha namba, akabonyeza HOLD, na tangu siku hiyo ratiba imelala. Una themostati ya kisasa inayofanya kazi ya ile ya kuzungusha kwa mkono.

HOLD ziko mbili: ya muda, inayorudi kwenye ratiba kipindi kinachofuata kikifika, na ya kudumu, isiyorudi mpaka uifute. Ukibonyeza mshale tu bila HOLD, kwa kawaida unapata ya muda. Wafundishe wote nyumbani kutumia mshale. Ugonjwa huu ni wa siku nyingi: mpango wa Energy Star wa Marekani, unaovipa nembo vifaa vinavyookoa nishati, uliacha kuzipa nembo yake themostati za kupanga ratiba mwishoni mwa 2009, kwa kuwa akiba iliyotarajiwa haikuonekana kwenye matumizi ya watu.

Feni iwe AUTO au ON?

AUTO. Kwenye ON feni inazunguka hata mfumo ukiwa umepumzika, unalipa umeme wake, na msimu wa joto inapuliza unyevu uliobaki kwenye koili kurudi ndani ya nyumba. ON ina maana kama unataka hewa ipite kwenye kichujio muda mrefu, basi.

Nimeomba baridi, skrini inaonyesha inapooza, lakini kompresa haiwaki.

Subiri dakika 5. Ni ulinzi: kompresa ikiwashwa mara tu baada ya kuzima, gesi ndani bado ina shinikizo kubwa. Zikipita bila kitu, angalia waya wa Y, kisha breka, kisha ile fyuzi. Na usijaribu kupooza wakati nje kuna baridi chini ya nyuzi 10, unaweza kuiumiza kompresa. Jaribio hilo lisubiri siku yenye joto.

Inasoma tofauti na kipimajoto changu cha mezani.

Ipe saa kadhaa baada ya kuifunga. Joto la mikono yako bado limo. Kisha weka kipimajoto pembeni yake, kimo kile kile, dakika 15. Tofauti ya nusu nyuzi iache. Ikizidi nyuzi 1, angalia kwanza tundu la nyuma, ndipo utumie marekebisho ya usomaji kwenye mipangilio.

Betri nibadilishe lini?

Mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu unaoutegemea zaidi, bila kungoja alama ya onyo. Tumia mpya zote mbili, usichanganye na kuukuu. Zikiisha kabisa themostati haiwezi kuuita mfumo, na nyumba itapoa huku tanuru likiwa zima.

Ya zamani niitupe?

Ifungue kwanza. Ukiona kichupa kidogo cha kioo chenye tone linalong'aa kama fedha na kucheza ukikiinamisha, hiyo ni zebaki, na ni sumu. Zilikuwepo nyingi, hata ile maarufu ya duara ya kampuni ya Honeywell ya mwaka 1953 ilikuwa na kichupa hicho. Usikivunje na usikitie kwenye takataka za kawaida. Iweke nzima kwenye chombo chenye mfuniko, uipeleke panapopokelewa taka za hatari.